Basi Zima Lilijua

Juzi niliingia duka moja la Maple Grove, hapa Minnesota, kutafuta sabuni ya kunawia mikono, ya kawaida tu, na msichana wa pale akanifunulia kipande ninuse. Kilikuwa cha limau, lakini si limau hili la uongo tulilolizoea kwenye sabuni za kupigia deki. Lilikuwa limau lenyewe, lenye uchungu wa ganda na majani yake. Nikakirudisha, nikatoka bila kununua kitu, nikakaa ndani ya gari mpaka vioo vikashika ukungu. Sikulia. Nilikasirika. Miaka yote hii imepita na bado harufu ya limau hunikasirisha kwanza, ndipo inihuzunishe, na sijakutana na mtu mwingine wa rika langu anayegombana na tunda.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kwaya ya misa ya Kiswahili, ambako mama yangu aliimba sauti ya pili, ilipanga safari ya kuzuru Italia: Roma, Assisi, kisha basi lishuke kusini kupitia Napoli na Sorrento mpaka Matera na Bari, halafu turudi Roma kupanda ndege. Wanakwaya wengi walikuwa akina mama wa Kenya wanaofanya kazi kwenye hospitali na nyumba za wazee, watu ambao likizo kwao ilikuwa ni kulala mchana mapazia yakiwa yamefungwa. Mama alinichukua kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Baba alikuwa na nyumba yake Iowa, na watu wake ndani ya nyumba hiyo, na habari zake tuziache hapo hapo.

Niseme mapema jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua mwisho. Tulipokuwa Sorrento, katikati ya safari, nyanya yangu, yaani mama yake mama, alilazwa hospitalini Kisii. Mjomba Onchari, kaka yake mama, alipiga simu Italia. Hakumpigia dada yake. Alimpigia Mama Brian, kiongozi wa kwaya na rafiki wa mama tangu walipokuwa wanaosha wazee pamoja, akamwomba afiche. Kufika asubuhi basi zima lilijua, isipokuwa mama na mimi.

Ili uone uzito wake, ujue kwamba mama hakuwa amemwona mama yake tangu kabla sijazaliwa. Karatasi zake za ukaazi zilichelewa, zikapotea, zikaanza upya, na kila Krismasi alisema mwaka ujao. Mwaka ule zikatoka. Akapata kibali cha kusafiri, akapanga kwenda Kenya Desemba. Safari ya Italia ilitangulia kwa kuwa Nyanya mwenyewe alimsukuma. Nilimsikia kwenye simu, sauti yake ikikwaruza: "Nenda kwanza uniombee huko kwa watakatifu. Mimi siendi mahali. Desemba nitakuwa hapa."

Siku za kwanza mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Nyumbani Champlin nilimjua mama wa viatu vyeupe na kahawa ya kwenye gari. Kule nilikutana na mwanamke anayecheka kwa sauti mpaka Wataliano wanageuka. Alicheka mawe ya barabarani, alicheka kiamsha kinywa cha mkate mtupu na jemu, na Napoli alipoona nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha juu ya vichwa vyetu, alisimama katikati ya njia akashika kiuno.

"Hawa ni watu wetu," akasema. "Ona hata blanketi ya mgeni wametoa."

Mwongozaji wetu alikuwa msichana wa Kiitaliano jina lake Chiara, mwembamba, mwenye haraka. Siku ya pili alipoteza kibendera chake cha kutuongozea, na Mama Brian, ambaye alikuwa amenunua mwiko sokoni, akaufunga kitambaa cha kichwa, akampa Chiara. Basi tukawa tunaizunguka Italia nyuma ya mwiko. Watalii wengine walikuwa na miavuli na vijiti vya fahari, sisi tulifuata chombo cha kusongea ugali, na akina mama walivunjika mbavu kila Chiara alipouinua. Jioni walichemsha chai chumbani kwa birika la umeme walilotoka nalo Minnesota, maana chai ya hotelini, walisema, ilikuwa maji yaliyooneshwa majani kwa mbali.

Mama alimpigia Nyanya kila jioni. Alifurahia kwamba saa za Italia na za Kenya zinapishana kidogo tu. "Huku tunaamka pamoja," aliniambia. "Akienda kulala na mimi naenda." Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mama yangu ni mtoto wa mtu. Alilala kifudifudi kitandani, miguu juu, akizungusha waya wa chaji kwenye kidole, akimweleza mama yake habari za mawe na nguo na mwiko, na mimi nilimwonea wivu bila kujua ninachoonea wivu ni nini.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Sorrento. Hoteli ilikuwa na bustani ya malimau makubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, na harufu yake ilipanda mpaka chumba cha kulia. Tuliposhuka kula, watu walinyamaza. Halafu wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Mama Brian akainuka akampisha mama kiti chake cha karibu na dirisha. Mzee mmoja wa kwaya, ambaye kazi yake tangu Roma ilikuwa kulalamika kwamba mama anachelewesha basi, akamletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Kerubo, leo chukua time yako," akasema. Kerubo ni mimi. "Basi litangoja."

"Ala," mama akasema. "Na mnanipenda hivi, mnataka kidney yangu ama?"

Walicheka, lakini walicheka kidogo na wakaacha mapema. Siku hiyo mtu alimbebea mama begi. Mwingine alimnunulia skafu. Mimi nilinunuliwa aiskrimu ya limau na watu watatu mbalimbali, kila mmoja akinishika shavu, na hakuna aliyeniambia nisimalize. Kwenye basi tulihamishiwa viti vya mbele kabisa. Mama Brian alikuwa nyuma yetu, na kila nilipogeuka nilikuta anatutazama.

Jioni mama alipiga simu, akapokea Mjomba Onchari.

"Mama amelala," akasema. Simu ilikuwa kwenye spika. "Ile dawa ya presha inamlaza mapema."

"Presha ni ngapi?"

"Iko sawa, dada. Wewe tembea."

"Nimekuuliza ngapi, sijauliza kama iko sawa."

Mjomba akataja namba, namba nzuri, na mama akaridhika. Kesho yake simu ya Nyanya ikawa imeharibika. Keshokutwa stima zilikuwa zimepotea kijiji kizima. Mama alinung'unika kuhusu kaka yake asiyeweza kuchaji simu ya mama mzazi, akanunua rozari ya mbao ya mzeituni, akaendelea kucheka. Ninazo picha. Katika kila picha baada ya Sorrento mama amefungua kinywa anacheka, na watu waliomzunguka wamefunga vinywa vyao.

Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Wiki chache kabla ya safari mama alikuwa amefaulu mtihani wa uuguzi, ule mkubwa, aliousomea miaka mingi kwenye meza ya jikoni baada ya kazi. Na kwaya ile ilikuwa na mchezo wake: mtu akifanikiwa, wanajificha nyumbani kwake, akifungua mlango wanamrukia kwa vigelegele na keki. Walimfanyia Mama Brian alipopata uraia, nami nilijificha nyuma ya sofa nikakaribia kufa kwa raha. Sasa ilikuwa zamu ya mama. Minong'ono, simu zinazokatwa anapopita, macho yanayokwepa, yote yalikaa sawa. Niliona fahari kuwa nimegundua peke yangu.

Matera ni mji wa nyumba zilizochongwa ndani ya mawe, nyeupe, zimepandana. Chiara alikuwa anaeleza jinsi watu walivyoishi mle na mifugo yao, mama akiwa mbele kabisa anauliza mbuzi walilala wapi. Mama Brian alikuwa ameketi kwenye ngazi, simu mkononi. Nikakaa karibu naye.

"I know what you guys are hiding from my mom," nikamwambia. Siku hizo nilielewa kila neno la Kiswahili lakini nilijibu kwa Kiingereza.

Alinishika mkono, akaubana mpaka nikaumia. "Nani amekuambia?"

"Nobody. I figured it out."

"Na mum umemwambia?"

"No. I can keep a secret."

Akanivuta kifuani. Alinukia vazelini na jasho. Alikuwa analia, nami nikafikiri watu wazima hulia kwenye mambo mazuri, kama kwenye harusi.

"Wewe ni msichana mkubwa," akasema. "Tutamwambia tukifika nyumbani, sawa? Akiwa amekaa chini."

"Will everybody come?"

"Watakuja, mwanangu. Wote watakuja."

"Will there be food?"

Alijifuta macho kwa kiganja. "Chakula kitakuwa," akasema.

Tuliporudi Roma kupanda ndege, mama alisimama chini ya ubao mkubwa wa safari akisoma miji kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila bango tulilopita. Akafika Addis Ababa, akaonyesha kwa kidole.

"Kerubo, ona. Hiyo ukiingia, Addis unashuka, Nairobi ni hapo tu. Kesho saa hizi ningekuwa nakunywa chai na mama."

"Let's go, then," nikasema.

"Na shift ya Monday utaenda wewe?" Akacheka, akanivuta sikio. "Desemba, mami. Tumengoja zaidi ya hapo."

Mama Brian alikuwa amesimama karibu nasi, begi la mama begani mwake. Aliweka begi chini, akasema anaenda msalani. Hakurudi mpaka tulipoitwa kupanda.

Ndani ya ndege nililala begani kwa mama. Alinifunika kwa skafu ya Sorrento. Nyanya alikata roho wakati huo, sisi tukiwa juu ya bahari tunaelekea upande usio wake.

Minnesota ilikuwa alasiri nzuri ya jua. Mama Brian alituchukua kwa gari lake mpaka Champlin. Nilikuwa nyuma, siwezi kukaa kitako, nikihesabu mitaa kwa mdomo. Tulipokata kona ya mtaa wetu niliyaona magari. Yalikuwa pande zote mbili, yamejipanga mpaka kwa majirani, mengine juu ya nyasi, na nikatambua la padre na la yule mzee wa kahawa, ambaye alikuwa ametutangulia. Hata hawajajificha, nikawaza. Wameharibu.

Mama alikuwa anasimulia kitu. Akaacha katikati ya neno.

Leo ninajua alichokiona. Alikuwa ameshakaa kwenye nyumba nyingi za namna hiyo. Ni yeye aliyepika chai, aliyepanga viatu mlangoni, aliyemshika mwenye nyumba asianguke. Alijua hakuna sherehe ambayo magari huegeshwa mchana kweupe, waziwazi, mlango wa mbele umeachwa wazi, na wanaume wamesimama nje mikono nyuma bila kuongea.

"Ni nani?" akauliza.

Mama Brian alizima gari. "Twende ndani kwanza, Mama Kerubo."

"Nimeuliza, ni nani?"

"Twende ndani, dada yangu. Tafadhali."

Hakusogea. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda wa kiti, haufungui. Nilishindwa kuvumilia. Nikainamia mbele katikati ya viti, nikamkumbatia shingoni.

"It's for you, Mom," nikamwambia. "It's your surprise."

Alinigeukia. Aliniangalia kwa muda, na sijawahi kuangaliwa hivyo tena na mtu yeyote, halafu akanishika uso kwa mikono miwili akasema, kwa upole kabisa, "Asante, mami." Ndipo akafungua mkanda.

Walimketisha kwenye sofa yetu. Wakamletea chai, maana kwetu habari mbaya haipewi mtu akiwa njiani, wala akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Alijua. Hakubishana nao hata kidogo. Aliichukua chai ile ikiwa inatoa moshi, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, nikaona koo lake likikataa na yeye akilazimisha, akaweka kikombe mezani.

"Nimekunywa," akasema. "Semeni."

Padre akasema. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, bado naangalia mlango wa jikoni nikingoja keki.

Nimewahi kujaribu kuutetea utaratibu huo mbele ya wenzangu wa kazini, waliozaliwa hapa, na nikajikuta ninautetea vizuri. Nimesema una utu. Nimesema mtu asipewe msiba ugenini, kati ya watu wasiojua jina la marehemu, mtoto akimshika nguo. Haya yote ni kweli, na Mama Brian aliyaamini kwa moyo wake wote, wala hakumfanyia mama ubaya siku moja maishani. Halafu nikiwa peke yangu nakumbuka kwamba Nyanya hakuwa amekufa. Msiba hufichwa. Hakukuwa na msiba wa kuficha. Kulikuwa na mama mgonjwa na binti aliyekuwa safari moja ya ndege kutoka kwake, na watu wema wakamnunulia skafu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyeumbuliwa hapa hakuwa amemficha mtu chochote.

Tena wangemuuliza mtu yeyote kazini kwake. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Inver Grove Heights, na kati ya wafanyakazi wote ni yeye aliyepewa kazi ya kupigia familia simu, kwa kuwa hakuzunguka mbuyu. Nilikuwa nikimsikia akiwaambia watoto wa watu: njoo sasa, usingoje kesho. Wengine walimkasirikia, wakisema wako Florida, wako likizo. Alikuwa akiwajibu kwamba likizo wataikuta, mama hawatamkuta.

Wiki ile nyumba yetu haikukauka watu. Walipika, walisali, walichangia tiketi, wakamfungia mama masanduku. Hakuna aliyemsikia akimlaumu mtu. Alilia wakati wa kulia, akawashukuru waliokuja, akauliza kila mmoja kama amekula. Mjomba Onchari alipiga simu akasema Nyanya ndiye aliyeomba asiambiwe, aachwe atembee. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Sijui kama aliamini. Mimi siamini, na nimemwambia Mjomba hivyo mwaka jana, na sasa hatuongei sana.

Siku ya mama kuondoka kwenda kuzika, asubuhi, watu walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mama Brian alibaki jikoni anaosha vikombe, maana mimi ningebaki kwake Brooklyn Park mpaka mama arudi. Nilikuwa mezani na bakuli langu la nafaka. Mama aliingia akiwa amevaa nguo za safari, kitambaa cheusi kichwani. Akasimama kando ya sinki.

"Nataka nikuulize kitu kimoja," akasema. "Sitakuuliza tena."

Mama Brian hakugeuka. "Uliza."

"Tulipokuwa pale Roma airport, chini ya ile board. Mama alikuwa bado hai?"

Maji yaliendelea kutiririka. Mama Brian alishika kikombe kimoja, akakisugua ndani, akakisugua nje.

"Alikuwa bado," akasema.

"Alikuwa anaongea?"

"Onchari alisema alikuwa anaongea. Anauliza kama umefika."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akitazama dirishani, kwenye nyasi ambazo magari yalikuwa yamezikanyaga, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, ndiyo maana niliogopa.

"Basi mngeniacha pale," akasema.

Mama Brian akafunga bomba. Mama alichukua kitambaa kwenye msumari, akampokea kikombe, akaanza kukausha.